Neno la Siri la Meza ya Dirishani

Kila asubuhi Mwanaheri alikuwa wa kwanza kufika kituoni, lakini asidanganyike mtu akadhani ni bidii. Aliwahi ili avue viatu, avipange mlangoni na kuingia ndani kabla hajatokea mtu wa kumsalimia. Kituo cha kompyuta kilikuwa Chang'ombe, nyuma ya karakana za kuchomelea mageti, na amri yake ya kwanza ilikuwa hiyo ya viatu, kwa kuwa mwalimu hakutaka vumbi liingie kwenye mashine. Wanafunzi walisoma miguu mitupu juu ya sakafu ya baridi. Kompyuta zikizimwa zilifunikwa vitambaa vya kudarizi, kama makochi ya sebuleni.

Ulikuwa mwaka 1999. Maofisini watu walihofu kwamba mwaka 2000 ukiingia kompyuta zitachanganyikiwa, na mawakala wa forodha kule Kurasini walikuwa wakitafuta vijana wanaojua kuzilinda. Kituo kikaanzisha masomo ya cheti cha awali cha ulinzi wa kompyuta. Wanafunzi walijifunza kutunza neno la siri, kukagua disketi kama ina virusi, na kuweka nakala ya kila kazi. Mwanaheri alikuwa amemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kwenda sekondari. Mama yake, mfanyakazi wa kiwandani, alimwambia siku ya kumwandikisha: "Hiki ndicho cheti chako, mwanangu. Kingine mie sina cha kukupa."

Shida ya Mwanaheri ilikuwa watu. Akisimama mbele yao koo lilimkauka, viganja vililowa jasho na moyo ulimwenda mbio mpaka akasikia kizunguzungu. Alipokuwa darasa la nne alisimamishwa kusoma ngonjera siku ya wazazi, na hofu ilimzidi akajikojolea palepale jukwaani. Tangu siku hiyo wenzake walimwita Bomba. Alidhani jina hilo ameliacha shuleni kwao Temeke, kumbe Zubeda, msichana waliyesoma naye, alijiandikisha kituo hichohicho. Siku ya kwanza tu Zubeda alilibwaga mbele ya darasa zima.

"Jamani, huyo anaitwa Bomba," alisema. "Msikae naye karibu, mtalowa."

Darasa likacheka mpaka watu wakashika matumbo. Mwanaheri alitazama vidole vyake vya miguu na kutamani sakafu immeze.

Nyumbani mambo yalikuwa kinyume. Kwa ndugu zake, waliozoea kumwona mwali akiinamisha uso na kujibu kwa sauti ya chini, ukimya wake ulikuwa sifa. Wageni wakija, mama yake alijigamba: "Huyu wangu hata sauti yake huisikii. Ana adabu huyu." Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Watu wazima nao wana yao, hupenda kusifia kitu kisichowasumbua, na mtoto anayetetemeka kimyakimya hamsumbui mtu yeyote.

Kompyuta zilikuwa chache, kwa hiyo wanafunzi walikaa wawiliwawili, na kila meza ilikuwa na neno lake la siri ambalo wenye meza peke yao walilijua. Mwanaheri alipangwa meza ya dirishani na Valerian, mtoto wa mchonga vinyago kutoka Masasi. Mdomo wa Valerian haukuwa na likizo. Alibishana na mwalimu, alibishana na vitabu, na mara moja alikamatwa na disketi ya magemu akatolewa nje. Hata hivyo, katika darasa zima ni yeye peke yake ambaye hakuwahi kutamka jina la Bomba.

Yeye ndiye aliyemfundisha kusimama. Mtihani wa cheti ulikuwa na sehemu ya kujibu kwa mdomo mbele ya darasa, na Mwanaheri alikuwa ameshakata tamaa nayo.

"Ukisimama, kanyaga sakafu kwa vidole, uisikie ile baridi," Valerian alimwambia. "Halafu chagua mtu mmoja uongee naye yeye tu. Wengine wafanye viti."

"Nimchague nani?"

"Nichague mie. Mie nipo hapahapa kila siku, sina pa kwenda."

Wakawa wanajaribu kila wanapobaki wawili. Valerian aliuliza maswali, Mwanaheri akakanyaga sakafu na kujibu. Mwanzoni sauti yake ilifia kwenye kola ya gauni. Baada ya majuma kadhaa ilianza kufika meza ya pili, na Valerian alifurahi utadhani ni yeye aliyepona.

Mwalimu wao, Mwalimu Theonest, alikuwa mtu wa Bukoba, mkali na asiyependa kurudia neno. Sheria moja tu aliirudia kila siku. "Neno la siri hapewi mtu. Hata mimi nikiwaomba, msinipe." Wanafunzi waliitikia kwa pamoja, na Mwanaheri aliitikia kwa midomo bila sauti.

Wakati wa mapumziko wenzake walitoka kwenda kula mihogo ya kukaanga karibu na karakana. Mwanaheri alibaki ndani, akisingizia kusoma. Siku moja, akiwa peke yake hivyo, aliingia mwanamume aliyefunga tai, mkononi ana disketi. Alikuwa Bwana Gregori, mmoja wa watu wazima waliosoma zamu ya jioni. Hakuvua viatu. Alikuja navyo mpaka meza ya dirishani, vumbi jekundu likibaki nyuma yake.

"Shikamoo," alisema Mwanaheri.

"Marahaba. Printa si ndiyo imeunganishwa na hii? Nina karatasi zangu nataka kuzitoa mara moja. Nipe neno la siri."

Mwanaheri alilijua jibu. Alikuwa amelijibu mbele ya Valerian mara nyingi mno. "Mwalimu... amesema..."

"Amesema nini? Ongea nikusikie. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenituma." Bwana Gregori alimwinamia. "Au mie nafanana na mwizi? Mtoto wa kike unamkatalia mtu mzima, ndivyo ulivyofundishwa kwenu?"

Kusema "kwenu" ilikuwa sawa na kumtaja mama yake, na hapo Mwanaheri aliishiwa nguvu. Akalitamka neno la siri. Sauti ilikuwa ndogo mno hata Bwana Gregori akamlazimisha kulirudia. Kisha mtu yule alitumbukiza disketi yake bila kuikagua, akatoa karatasi zake na kuondoka, wala asiseme ahsante. Mwanaheri alipoona alama za viatu sakafuni aliogopa kukaripiwa. Akachukua kitambaa akazifuta zote.

Kesho yake, asubuhi, herufi kwenye kioo cha meza ya dirishani zilianza kudondoka. Zilidondoka mojamoja kutoka juu, zikarundikana chini. Mwisho kompyuta ikazimika na haikuwaka tena. Kwa kuwa printa ilikuwa kwenye meza hiyo peke yake, karibu kila mwanafunzi alikuwa ameshapitisha disketi yake pale asubuhi ile, pamoja na disketi ya nakala zake. Kabla ya adhuhuri kompyuta za darasa zima zilikuwa zimeambukizwa. Kazi za mtihani walizohangaika nazo kwa miezi zilipotea, na Zubeda alikaa chini akalia kwa kwikwi.

Mwalimu Theonest alikuja kusimama mbele ya meza ya dirishani.

"Virusi vimeanzia hapa," alisema. "Na neno la siri la hapa wanalijua watu wawili."

Alimtazama Mwanaheri, aliyekuwa ameinamisha kichwa kama siku zote. Akamtazama Valerian, aliyekuwa ameshafungua mdomo.

"Mwalimu, mie tangu ile siku sijaleta gemu hata moja. Nikague mfuko, nikague—"

"Kama si wewe ni nani? Ni huyu?"

Darasa likacheka, hata waliokuwa wanalia. "Huyo hata ruhusa ya kwenda msalani hawezi kuomba, Mwalimu," alisema Zubeda akijifuta macho. "Yeye akizidiwa anamalizia hapohapo."

Valerian alimgeukia Mwanaheri. Hakusema kitu, na kwa Valerian hilo lilikuwa jambo kubwa. Alimtazama tu, akimngojea. Mwanaheri akakanyaga sakafu kwa vidole, akaisikia baridi, akatafuta sauti yake. Haikuja. Alitaka kusema, Mungu anajua alitaka, lakini alitaka zaidi asitazamwe, na Valerian akafukuzwa.

Kule nje wavulana walikuwa wameshafika mlangoni kabla ya Valerian. Waliokota viatu vyake wakavitupa kwenye mtaro wa maji machafu nyuma ya karakana, mmoja huku, mwingine kule. Mwanaheri aliviona vinapoangukia, kwa kuwa dirisha lake lilitazama huko. Valerian aliingia mtaroni mpaka magotini, akapapasa huku wenzake wakimpigia makofi. Alikipata kimoja. Akaenda nacho nyumbani mkononi, na baba yake, Mzee Kasimiri, aliyekuwa amemwomba Mwalimu kwa magoti nafasi ile ya masomo, alimcharaza fimbo mbele ya wapangaji wote.

"Mngekuwa nyote kama Mwanaheri," Mwalimu aliliambia darasa siku iliyofuata, "kimya, na adabu zake, haya yasingetupata."

Wanafunzi walianza kazi upya, na mtahini alitarajiwa kuja kabla ya mwezi kwisha. Mwanaheri sasa alikaa peke yake. Jambo la ajabu ni kwamba walimwacha. Zubeda alimgawia hata kashata. Darasa la namna ile lazima liwe na mtu wa kuzomewa, na wakati huo walikuwa na Valerian wa kumsema asubuhi mpaka jioni. Mwanaheri alikula kashata ile na kuichukia, akajichukia na yeye mwenyewe.

Jumamosi moja mama yake alimtuma dukani. Akapita barabara ya pale Mzee Kasimiri alipopanga vinyago vyake. Valerian alikuwa ameketi chini, anasugua tembo wa mpingo kwa msasa, vidole vimechubuka. Mwanaheri alisimama. Alikuwa na maneno aliyoyapanga tangu siku ile, na yote yalimkwama.

Valerian hakuacha kusugua. "Mie sikumpa mtu neno la siri," alisema. "Wewe je?"

Mwanaheri alitazama chini.

"Nilijua," alisema Valerian. "Nilijua tangu palepale. Nilifikiri utasema." Akampuliza tembo vumbi, akamgeuza upande wa pili. "Basi nenda. Endelea kunyamaza, ndiyo kazi unayoiweza."

Siku ya mtihani alikuja Bi. Herieth, mama mtu mzima mwenye miwani, mtahini kutoka chuo cha mjini. Naye alivua viatu mlangoni. Aliketi nyuma ya darasa, na mtahiniwa mmojammoja alisimama mbele, uso umewatazama wenzake wote, akaulizwa. Zubeda alijibu vizuri akarudi anachekelea. Kisha likaitwa jina la Mwanaheri.

Alisimama. Alikanyaga sakafu.

"Mtu mzima usiyemfahamu vizuri anakuja kukuomba neno la siri," alisema Bi. Herieth. "Utafanya nini?"

Jibu lilikuwa kitabuni, na Mwanaheri alilijua kwa moyo: nitamkatalia, kisha nitamjulisha mwalimu. Angetamka maneno hayo machache angepata cheti, na cheti kingempeleka kazini Kurasini. Mama yake angejigamba tena mbele ya wageni. Akatafuta mtu mmoja wa kuzungumza naye. Meza ya dirishani ilikuwa tupu, na kiti cha Valerian kilikuwa kimesukumwa ukutani. Mwanaheri akakitazama kiti kile.

"Nilimpa," alisema.

"Sikukusikia, mwanangu. Ongeza sauti."

"Nilimpa. Alikuja Bwana Gregori wa zamu ya jioni. Nilijua hairuhusiwi, nikampa."

"Bomba limefunguka," alinong'ona Zubeda, na kicheko kikapita kwenye safu za mbele. Mwanaheri alikisikia. Uso ulimwaka, machozi yakaanza kumtoka, lakini hakuondoa macho kwenye kiti.

"Hakuvua viatu. Aliacha alama za vumbi, nikazifuta ili nisikaripiwe. Valerian hakufanya kitu. Alinitazama nimtetee, sikumtetea. Viatu vyake niliona vilipoangukia. Hata hilo sikumwambia."

Hakucheka mtu tena. Mwalimu Theonest alikuwa amesimama karibu na mlango, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alikwenda ofisini bila kuaga, akafungua sanduku ambamo wanafunzi wa zamu ya jioni waliacha disketi zao. Akaikagua ya Bwana Gregori kwenye kompyuta aliyokuwa ameisafisha, na virusi vilikuwamo vilevile. Jioni ile Bwana Gregori alikana, kisha akakubali, kisha akalalamika kwamba anaaibishwa kwa ajili ya mtoto. Hakusoma tena kituoni hapo.

Bi. Herieth alimwita Mwanaheri kabla ya kuondoka. Mwanaheri alitarajia neno la kumpoza.

"Umesema kweli, na nimeiheshimu," alisema Bi. Herieth. "Lakini kweli yenyewe ni kwamba ulipopewa mlango uulinde, uliufungua. Cheti cha ulinzi sitakupa. Rudi muhula ujao usome upya."

Mwanaheri alikubali kwa kichwa. Ilimuuma sana, na aliona ni haki.

Siku iliyofuata walikwenda kwa Mzee Kasimiri yeye, mama yake na Mwalimu Theonest. Mwalimu aliomba radhi kwa maneno mengi. Mzee Kasimiri alimsikiliza mpaka mwisho, patasi ikiwa mkononi.

"Nilimpiga mwanangu kwa maneno yako, Mwalimu," alisema. "Nafasi yake utamrudishia, nashukuru. Fimbo zangu nitazirudishaje?"

Mwanaheri alimwomba Valerian msamaha kwa sauti ya kusikika na wote. Valerian alisema "haya," akaingia ndani.

Njiani, kurudi nyumbani, mama yake alitangulia mbele. Mwanaheri alingoja kugombezwa.

"Mie ndiye niliyekuharibu," mama alisema mwishowe. "Nilikuwa naona mtoto anaogopa, nikawaambia watu ana adabu. Nilipenda kusifiwa." Alijifuta uso kwa upindo wa khanga. "Sasa nisikilize. Mtu mzima utamwamkia, hilo ni lazima. Akikuomba usilotakiwa kumpa, utamkatalia, na adabu yako itabaki palepale. Ukiona mwenzako anaonewa nawe unaijua kweli, kunyamaza si adabu hata kidogo. Ni kumsaidia anayeonea. Na woga ukikushika uje uniambie, tutautafutia dawa pamoja. Usiufiche ndani ukaniacha mie najivunia."

"Hautaisha leo, mama."

"Hata usipoisha. Utaongea huku woga huohuo ukiwepo."

Muhula mpya ulipoanza Valerian alirudi, na viatu vipya alivyonunuliwa na Mwalimu. Alichagua meza ya mbali, karibu na ukuta. Hakumsalimia Mwanaheri siku ya kwanza, wala ya pili, wala majuma yaliyofuata, na Mwanaheri hakumlaumu. Yeye alikaa tena dirishani. Mapumziko yakifika sasa alijilazimisha kutoka nje kununua muhogo, kisha akarudi.

Siku moja alirudi akamkuta fundi mgeni ameinamia meza yake, begi la vyuma begani, viatu mguuni. Valerian alikuwa kwenye meza yake ya ukutani, anakula huku anasoma.

"We binti, hebu niwashie hii," alisema fundi. "Neno la siri lake nini? Fanya haraka, bosi wenu kanituma."

"Shikamoo," alisema Mwanaheri. Sauti ilitoka ndogo, kama zamani. "Viatu tunavua mlangoni. Na neno la siri sikupi, mpaka aje Mwalimu mwenyewe."

"Unasemaje? Sikusikii."

Kule ukutani Valerian aligeuza ukurasa wa kitabu chake bila kuinua kichwa.

"Ongeza sauti," alisema.

Mwanaheri akakanyaga sakafu, akarudia yote tangu shikamoo, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni kwenye viatu.